Audrey Richards: mwanabiolojia aliyeihesabu pombe ya ulezi kuwa chakula

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Julai, Mwansabombwe hujaa watu. Katika mji huo mkuu wa Walunda wa Mwata Kazembe, kwenye bonde la mto Luapula kusini mwa ziwa Mweru, mfalme hucheza ngoma ya Umutomboko akiwa na shoka na upanga mikononi. Wageni hutoka Nchelenge, Kawambwa na ukanda wa shaba, na wengine huvuka maji kutoka upande wa Kongo, ambako Kiswahili cha Katanga ndicho lugha ya soko. Sherehe ya namna hiyo haiwaziki bila pombe ya nafaka. Inayopendwa na wazee ni katubi, pombe nzito ya ulezi. Machicha yake hubaki ndani ya mtungi, maji ya moto humiminwa juu yake, kisha kinywaji hufyonzwa kwa mrija hadi ladha iishe. Aliyekunywa ajono kwa Wateso wa Uganda au Kenya ataitambua mara moja.

Wapikaji wa pombe hiyo ni wanawake, na katika mitungi yao hamna hamira ya dukani wala ule unga wa kulisha chachu ambao watengenezaji wa bia nyumbani, huku ughaibuni, huununua kwa pakiti. Ulezi hulowekwa, huachwa uchipue, hukaushwa juani na kusagwa kuwa kimea. Kazi iliyobaki hufanywa na chachu inayoishi katika nafaka yenyewe, katika mtungi na katika masalia ya pombe iliyotangulia. Chachu hiyo hulishwa na kimea.

Mtu aliyeichukua kazi hiyo ya wanawake kuwa jambo la elimu, akaiingiza katika hesabu za chakula, kilimo na njaa, alikuwa Mwingereza mmoja aliyesomea biolojia, Audrey Isabel Richards. Hakufanya utafiti wake Mwansabombwe. Alikaa mashariki ya hapo, juu ya nyanda za Wabemba, majirani wa Walunda ambao lugha yao ndiyo inayosemwa leo, kwa lahaja yake, katika bonde lote la Luapula. Lakini anayetaka kujua mtungi wa katubi una maana gani kwa tumbo, kwa shamba na kwa heshima ya nyumba bado huanzia kwenye kurasa zake.

Alizaliwa London mwaka 1899, mmoja wa mabinti wanne wa mwanasheria Henry Erle Richards. Sehemu ya utoto wake aliipitisha India, ambako baba yake alikuwa mshauri wa sheria katika baraza la serikali ya kikoloni. Baadaye baba huyo akawa profesa wa sheria ya kimataifa huko Oxford. Familia ilikuwa na nafasi, lakini enzi ile haikumtarajia binti wa nyumba kama hiyo ashike darubini. Yeye aliingia chuo cha Newnham, Cambridge, akasoma sayansi asilia. Chuo kikuu hicho wakati huo kiliwafundisha wanawake bila kuwapa shahada kamili. Haki hiyo waliipata mwaka 1948, naye alikuwa amekwisha kuwa mtaalamu mwenye jina.

Baada ya masomo alifanya kazi za ukatibu, na kwa muda akashiriki misaada ya kibinadamu nchini Ujerumani, iliyokuwa imedhoofishwa na vita vya kwanza vya dunia. Huko aliiona njaa kwa macho yake. Ilikuwa njaa ya Wazungu, katika miji yenye barabara na reli, na yawezekana ndiyo sababu hakuwa mwepesi, alipofika Afrika, wa kuamini kwamba watu hukosa chakula kwa uvivu wao.

Miaka ya 1920 ilipokuwa ikielekea ukingoni alijiunga na shule ya uchumi ya London, chini ya Bronisław Malinowski, mwalimu aliyewataka wanafunzi wake wakae na watu na kujifunza lugha yao badala ya kutegemea barua za wamisionari. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1932, kilihusu chakula na kazi kwa watu wa kusini mwa Afrika, nacho kilitokana zaidi na maandishi ya wengine. Kichwa chake kina neno la dharau la enzi ile, linalowaita watu hao washenzi. Msomaji wa leo anayekishika kwanza huliona neno hilo, na ana haki ya kuliona. Hata hivyo hoja ya ndani haikuwa ya dharau. Ilisema kwamba njaa huunda jamii kama vile ndoa inavyoiunda, na kwamba wataalamu walikuwa wamelipuuza tumbo kwa muda mrefu mno.

Alifika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, mwaka 1930, akaishi kati ya Wabemba hadi 1931, kisha akarudi mwaka 1933 na 1934. Alihama kijiji hadi kijiji, akijifunza Kibemba, akiandika. Nchi ya Chitimukulu, mfalme mkuu wa Wabemba, haikuwa na rutuba. Watu walilima kwa njia ya chitemene: wanaume hupanda juu ya miti na kukata matawi, wanawake huyabeba na kuyarundika, rundo huchomwa, na ulezi hupandwa katika majivu. Maofisa wa kikoloni waliiona njia hiyo kuwa ni uharibifu wa misitu, na mwanzoni mwa karne kampuni iliyotawala nchi ilijaribu kuipiga marufuku, ikashindwa. Richards alipoitazama kwa jicho la biolojia aliona ina mantiki yake: udongo ni maskini, na majivu ndiyo mbolea.

Hapo hadithi ya shamba na hadithi ya mtungi hukutana. Ulezi ni nafaka ndogo mno, punje zake kama za mchicha, lakini una protini kiasi cha asilimia 7, na kwa kalsiamu unazipita karibu nafaka nyingine zote. Punje ikichipua, vimeng'enya huamka ndani yake. Vingine huvunja wanga kuwa sukari, na vingine huvunja protini kuwa asidi amino. Sukari pekee haiitoshi chachu, kama wali mkavu usivyomtosha mtoto. Huhitaji nitrojeni, nayo huipata katika asidi amino hizo. Huhitaji pia fosforasi, magnesi, zinki kidogo na vitamini za kundi B. Vyote hivi vimo katika punje nzima iliyochipua, kwa kuwa hakuna kilichokobolewa wala kuchujwa. Pakiti ya dukani hutengenezwa ili kurudisha katika sukari tupu yale ambayo kimea cha ulezi kinayo tangu mwanzo.

Hivyo mtu wa Melbourne au Brussels anayepika pombe ya nyumbani kwa unga mweupe wa mahindi na kushangaa kwamba haichemki vizuri asiharakishe kulaumu baridi. Unga uliokobolewa umeondolewa kiini, na kiini ndicho chenye chakula cha chachu. Konzi chache za kimea cha ulezi hubadili mambo. Wachaga wa Kilimanjaro wanalijua hilo katika mbege, ambayo ndizi huipa utamu na ulezi huipa nguvu ya kuchacha. Waganda wanalijua katika mwenge wa ndizi, unaotiwa mtama.

Kwa Luapula jambo hili lina uzito wa pekee, maana huko muhogo ndio chakula kikuu. Wareno walioongozwa na Lacerda, waliofika kwa Kazembe mwaka 1798, waliukuta muhogo umekwisha enea. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu, protini yake haizidi asilimia 1 au 2. Hulijaza tumbo, na mwaka wa ukame huokoa nyumba, lakini chachu ikiachiwa muhogo peke yake hudhoofika. Basi hata bondeni, kwenye muhogo mwingi, ulezi mdogo uliolimwa pembeni una kazi ambayo muhogo hauwezi kuifanya. Upo pia munkoyo, kinywaji chepesi kinachojulikana kutoka Luapula hadi Lubumbashi, ambacho mizizi ya mmea wa porini hupondwa na kutiwa katika uji wa mahindi. Mizizi hiyo huleta vimeng'enya vya kuvunja wanga, na uji huanza kulainika na kuwa mtamu muda mfupi tu baada ya kutiwa.

Richards hakuwa mtaalamu wa chachu, wala hakudai kuwa. Alichofanya ni kuketi jikoni. Aliandika nani alilima, nani alisaga, nani alipika, nani alikula na nani alikosa, siku kwa siku, na chakula akakipima kwa mizani. Sampuli alizikabidhi kwa wanakemia. Mwaka 1936 alichapisha uchunguzi wa lishe ya Wabemba pamoja na Elsie Widdowson, mwanasayansi kijana wa London ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa majedwali yake ya viini vya vyakula. Wakati ule haikuwa kawaida mtafiti wa mila na mtafiti wa maabara kuandika pamoja.

Matokeo hayakuwafurahisha watawala. Wabemba walikuwa wakila kidogo mno kwa kazi waliyotakiwa kuifanya, hasa kati ya Januari na Machi, ghala zinapokuwa tupu na mavuno mapya bado yako shambani. Uchovu ambao maofisa waliuita uvivu ulikuwa na sababu inayopimika. Richards alionyesha pia kwamba mwanamke aliyetoka shambani jioni na bado anahitaji maji, kuni, unga wa kusaga na mboga ya kutafuta, siku nyingine hakupika kabisa. Nyumba ililala na njaa kwa sababu nguvu za mtu mmoja zilikuwa zimekwisha, ingawa pengine chakula kilikuwepo.

Na pombe? Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1939, kiitwacho Land, Labour and Diet in Northern Rhodesia, kuhusu ardhi, kazi na lishe ya Wabemba, pombe haikuwekwa pembeni kama anasa au dhambi. Imo katika hesabu. Wazee walikunywa pombe nzito siku nzima bila kuhitaji ugali. Mwenye pombe aliweza kuwaita majirani wamkatie miti au wamlimie. Mtungi ulikuwa ushuru kwa chifu, shukrani kwa mkwe, sadaka kwa mizimu. Mwanamke aliyejua kupika vizuri alikuwa na jina kijijini. Lakini Richards hakuipamba hali hiyo. Ulezi uliotiwa mtungini ulitoka katika ghala lile lile lililopaswa kuivusha nyumba hadi mavuno, na mitungi iliyofuatana baada ya mavuno ilikuwa na bei yake mwezi wa Februari. Aliandika pia kuhusu nyumba zilizoficha pombe au chakula hadi mgeni mwenye haki ya kupewa aondoke. Msomaji aliyelelewa katika ukoo mkubwa hatahitaji kuelezwa zaidi.

Ugumu wenyewe uko hapo, nao haujaisha. Pombe ya ulezi ni chakula, na pia hula chakula. Richards alikataa kuchagua upande mmoja ili awapendeze wamisionari au awapendeze wapenzi wa mila. Katika miji ya migodi serikali ilifanya rahisi zaidi: iliwakataza wanawake kupika, ikajenga vilabu vyake vya pombe na kuchukua faida. Wanawake walioendelea kupika kwa siri walikamatwa na mitungi yao kumwagwa.

Swali aliloliacha wazi, kwamba pombe hiyo inalisha kwa kiasi gani, lilichukuliwa na wengine. Daktari Benjamin Platt, aliyeongoza uchunguzi mkubwa wa lishe huko Nyasaland, Malawi ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1930, aliendelea kwa miaka mingi kupima vinywaji vya asili vya Afrika. Alionyesha kwamba nafaka ikipitia mtungini vitamini B kadhaa huongezeka, riboflavini ikiwemo. Chachu hula kimea, hukua, hutengeneza vitamini zake, na kwa kuwa pombe ya kienyeji haichujwi ikang'aa, mnywaji humeza chachu yenyewe. Bia safi ya chupa huiacha chachu hiyo kiwandani. Mahali ambapo watu walikula unga mweupe wa mahindi pekee, tofauti hiyo ilikuwa na maana kwa ngozi, kwa midomo na kwa damu. Ulevi hauondoki kwa sababu hiyo, wala hatari yake kwa mama mjamzito na mtoto.

Mwaka 1931 Richards alishuhudia chisungu, unyago wa wasichana wa Kibemba, uliochukua siku nyingi. Alikiandika kitabu chake juu yake baada ya miaka 25, mwaka 1956, na wengi hukihesabu kuwa kazi yake bora. Katikati ya hayo alifundisha London na Johannesburg, na wakati wa vita vya pili vya dunia alifanya kazi katika wizara ya makoloni, akisaidia kuanzisha mpango wa utafiti wa jamii katika makoloni. Ukweli huu hauna haja ya kufunikwa: alikuwa ndani ya dola ile, aliishauri, na fedha zake zilimlipa.

Mwaka 1950 alihamia Kampala kuongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki katika chuo cha Makerere, akakaa hadi 1956. Kwa wasikilizaji wengi wenye asili ya Maziwa Makuu hii ndiyo sehemu ya maisha yake iliyo karibu nao zaidi. Utafiti aliouhariri, uliotoka mwaka 1954, ulihusu wahamiaji waliokuja Buganda kufanya kazi katika mashamba ya pamba na kahawa, wengi wao wakitoka Ruanda-Urundi, eneo lililokuwa chini ya Wabelgiji. Aliuliza walikotoka kulikuwa na nini, waliishi vipi kwa wenyeji, walirudi kwao au walibaki. Alikuwa Kampala Kabaka Mutesa wa Pili alipofukuzwa nchini mwaka 1953, na alikuwa bado huko aliporudishwa mwaka 1955.

Aliporejea Cambridge akawa mwalimu katika chuo chake cha zamani, Newnham. Kati ya 1959 na 1961 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa taasisi ya kifalme ya anthropolojia ya Uingereza, na mwaka 1967 akachaguliwa katika akademia ya taifa hilo. Hakuolewa. Katika miaka yake ya mwisho ya kazi alikigeuzia macho kijiji alichokuwa akiishi, Elmdon katika mkoa wa Essex, akawapeleka wanafunzi kuwauliza Waingereza wa huko maswali yale yale aliyowauliza Wabemba: nani ni ndugu wa nani, na nani huhesabiwa kuwa mwenyeji. Baadhi ya wanavijiji walishangaa kuchunguzwa. Hatujui Wabemba walishangaa kiasi gani, kwa kuwa wao hawakuombwa maoni.

Kazi yake haikubaki bila kupingwa. Mwaka 1994 Henrietta Moore na Megan Vaughan walitoa kitabu kilichoipitia upya nchi ile ile ya Wabemba, miaka 60 baadaye. Walikubali thamani ya madaftari yake, lakini walitia shaka picha yake ya jamii inayoporomoka kwa sababu wanaume wamekwenda migodini na hapana wa kukata miti. Wanawake, walisema, walikuwa wamekwisha tafuta njia: walilima bustani za kudumu, walibadilishana kazi, na walipanua muhogo, zao ambalo lilikuwa limekita mizizi bondeni Luapula muda mrefu kabla. Hoja hiyo ina nguvu. Na zaidi, ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya takwimu ambazo Richards mwenyewe alizikusanya kwa uangalifu, akazisoma kwa huzuni kupita kiasi.

Muhogo ukienea, ulezi hupungua, na ulezi ukipungua, mtungi hubadilika. Siku hizi kimea cha mahindi hutiwa mahali pa ulezi katika nyumba nyingi, na pombe ya viwandani huuzwa hadi kwenye vijiji vya wavuvi kandokando ya ziwa Mweru. Wazee wa Wabemba aliowaandika Richards wangeitambua katubi ya Mwansabombwe kwa harufu. Kama wangeitambua ile ya viwandani ni jambo jingine.

Audrey Richards alifariki Juni 1984, siku chache kabla ya kutimiza miaka 85. Karatasi zake, pamoja na kumbukumbu za vijiji alivyovipima chakula chake siku kwa siku, zimehifadhiwa katika maktaba ya shule ya uchumi ya London, alikosoma.